Kumwinda Elki Peke Yako Katika Milima Usiyoijua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msomaji anayeishi Marekani, au anayepanga kwenda huko, ambaye amekusudia kumwinda elki bila kiongozi na bila mwenzake, katika eneo ambalo hajawahi kulikanyaga. Mfano unaotumika karibu kote ni jimbo la Colorado, kwa sababu ndilo lenye elki wengi kuliko jimbo jingine lolote, zaidi ya 250,000, na ndilo ninalolijua kwa miguu yangu. Kanuni hubadilika mwaka hadi mwaka, hivyo kijitabu rasmi cha msimu husika ndicho chenye kauli ya mwisho.

Elki ni mnyama gani hasa?

Ni mnyama mwenye kwato na pembe za matawi, ambaye dume lake huangusha pembe kila mwaka baridi inapokwisha na kuotesha nyingine. Hapo ndipo anapotofautiana na pofu, nyumbu na kongoni, ambao pembe zao ni za maisha. Jina lake jingine, wapiti, limetoka katika lugha ya Washawnee nalo linahusu weupe wa matako yake. Dume la Milima ya Rocky hufikia kilo 300 na zaidi, na jike huwa kama kilo 220. Yaani dume humzidi nyumbu uzito lakini halimfikii pofu dume.

Jina la elki huwachanganya sana wasomaji walioko Ulaya. Anayeitwa hivyo Uingereza, na kwa majina yanayokaribiana Sweden na Norway, ni mnyama mwingine, ambaye Wamarekani humwita moose, mkubwa zaidi, mweusi, mwenye pua ndefu na pembe bapa kama viganja. Colorado inao wote wawili, na kumpiga yule mkubwa ukidhani ni elki ni kosa la jinai hata kama umejiripoti mwenyewe.

Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku. Huku unaruhusiwaje?

Kenya ilifunga uwindaji wa burudani mwaka 1977, ilhali Tanzania inauruhusu kwa vitalu na vibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Marekani imefuata njia yake: wanyamapori ni mali ya umma chini ya uangalizi wa kila jimbo, idadi ya kuwindwa hupangwa kitalu kwa kitalu, na sehemu kubwa ya fedha za uhifadhi hutoka kwa wawindaji wenyewe, kupitia leseni na kupitia ushuru wa asilimia 11 unaotozwa bunduki ndefu na risasi kwa mujibu wa sheria ya shirikisho ya mwaka 1937.

Kwa mgeni, swali la kwanza si leseni bali bunduki. Mkazi wa kudumu na mkimbizi aliyepokelewa kisheria hawamo katika kundi la wanaozuiwa kwa sababu ya viza. Lakini aliyeingia kwa viza ya muda, kama mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya shirikisho kumiliki wala kushika bunduki, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji ya jimbo lolote au aangukie katika misamaha mingine michache. Mwenye shaka juu ya hali yake amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kugusa silaha, kwa maana kosa hili haliishii kwenye faini.

Leseni inapatikanaje?

Kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baada ya hapo lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji ndipo auziwe leseni Colorado. Vitalu vingi hutolewa kwa bahati nasibu, ambayo maombi yake hufungwa mwanzoni mwa Aprili. Vingine, hasa vya bunduki katika msimu wa pili na wa tatu, vimekuwa vikiuzwa wazi kwa yeyote anayetaka. Kuanzia 2025 asiye mkazi hawezi tena kununua kwa njia hiyo ya wazi leseni ya upinde magharibi ya barabara kuu ya I-25. Ukiwa umeishi jimboni miezi sita mfululizo unahesabiwa mkazi, na tofauti ya bei inatosha kumfanya mtu asubiri: mkazi hulipa makumi ya dola, mgeni hulipa mamia.

Nianzie wapi kupanga safari yenyewe?

Anza na mzigo. Wengi huanza na picha ya dume limesimama ukingoni mwa msitu, kisha wanatafuta kwenye ramani bonde la mbali lisilo na njia, wakiamini kwamba umbali ndio siri. Kwa kundi la watu wanne wenye farasi huenda ikawa hivyo. Kwa mtu mmoja hesabu ni nyingine kabisa.

Dume moja lililokomaa hutoa nyama isiyo na mifupa ya kilo 80 hadi 110. Tuseme ni kilo 100, na tuseme wewe ni mtu mzima mwenye afya unayeweza kubeba kilo 25 za nyama juu ya vitu vyako vya lazima, katika mwinuko wa mita 3,000, kwenye magogo yaliyoanguka. Hizo ni safari nne. Ikiwa mnyama ameanguka kilomita 5 kutoka kwenye gari, utakwenda na mzigo mara nne na kurudi mtupu mara tatu, jumla kilomita 35, na mwendo wa kilomita mbili na nusu kwa saa si wa kuuonea haya. Hiyo ni kazi ya siku mbili kamili, ukiwa umeshachoka kwa kuchuna. Lakini akianguka kilomita 2 kutoka kwenye gari, safari zilezile nne zinakuwa kilomita 14, nawe unamaliza kesho yake mchana.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka alama yoyote ya elki kwenye ramani, chora duara kuzunguka kila mahali ambapo gari lako litafika. Mwezi wa Septemba, mchana unapofika nyuzi joto 20 na ushee, duara langu halizidi kilomita 2 u nusu. Mwishoni mwa Oktoba, baridi inapoilinda nyama, nalisogeza hadi 4. Kisha angalia mwinuko: kubeba mzigo ukiteremka kuelekea kwenye gari ni jambo moja, kuupandisha kutoka korongoni ni jambo jingine, na mita 300 za kupanda nazihesabu kama kilomita mbili zaidi. Kilicho nje ya duara nakiacha, hata kama dume linalia humo usiku kucha.

Mwenye kutaka kwenda mbali zaidi apatane mapema na watu wa pale wanaobebesha nyama farasi na baghala kwa malipo, tena wawe wamesajiliwa na jimbo. Kumpigia simu mtu wa farasi wakati nyama tayari inaning'inia mtini ni kuchelewa, kwani katika msimu farasi wote huwa na kazi.

Leseni ya jike, pale inapopatikana, inastahili kufikiriwa. Nyama ni pungufu kwa theluthi moja hivi, ni laini zaidi, na mtu wa peke yake anaokoa safari nzima ya kubeba.

Nitachaguaje eneo ambalo sijawahi kufika?

Kwanza ujue ardhi ni ya nani. Misitu ya taifa na ardhi nyingine za serikali kuu ziko wazi kwa mwenye leseni, lakini Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, ambako elki hutembea mbele ya watalii kama ng'ombe wa mjini, haiko wazi hata kidogo. Ardhi ya mtu binafsi Colorado haihitaji kuwekewa uzio wala kibao. Ni juu yako kujua kwamba umeingia. Na anayefikiria jimbo jirani la Wyoming ajue kwamba asiye mkazi haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa katika mapori asilia yaliyotengwa na serikali kuu bila kiongozi mwenye leseni au mkazi aliyepewa kibali cha kumsindikiza. Kanuni hiyo moja imevunja mipango mingi ya peke yake.

Baada ya hapo, tumia ramani za mistari ya kontua za kipimo cha 1:24,000 pamoja na picha za setilaiti. Hapa ndipo mtu wa kwetu anapopotoshwa na mazoea. Aliyekulia karibu na ikweta amezoea jua linalopita juu ya kichwa, mara likiegemea kaskazini, mara kusini. Colorado iko nyuzi 37 hadi 41 kaskazini, na jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima. Matokeo yake mlima mmoja una nyuso mbili: mteremko unaotazama kusini ni mkavu na wenye nyasi, na ule unaotazama kaskazini ni msitu mzito wenye giza na unyevu. Elki hula kwenye nyasi usiku na alfajiri, kisha huingia kwenye giza la kaskazini kulala mchana. Tafuta mahali ambapo nyuso hizo mbili zinakutana, hasa penye kingo bapa katikati ya mteremko na chemchemi karibu, na umeshapata nusu ya jibu bila kuvaa viatu.

Weka sehemu nne au tano za namna hiyo, si moja. Sehemu ya kwanza utakuta magari kumi yameegeshwa. Ya pili itakuwa na ng'ombe wa malisho. Usikae siku tatu mahali pasipo na kinyesi kibichi, nyayo wala magome yaliyochunwa kwa pembe, kwa sababu tu ramani ilikuambia wapo.

Jambo la mwisho ni dira. Colorado sindano hupotoka nyuzi 8 hivi mashariki ya kaskazini ya kweli, ilhali Nairobi upotofu huo ni karibu na sufuri. Asiyerekebisha, akitembea kilomita 5, hujikuta mita 700 kando ya alikokusudia. Msituni, mita 700 ni usiku wa nje.

Kwa nini kila mwindaji anazungumzia upepo kuliko bunduki?

Kwa sababu elki akikuona husita, akikusikia hutega sikio, lakini akikunusa huondoka, naye hasimami mpaka amevuka tuta la pili. Milimani hewa hufuata joto. Usiku na alfajiri hewa baridi huteremka mabondeni. Jua likishapiga mteremko kwa saa moja au mbili, hewa hugeuka na kupanda. Mtu wa mwambao analijua jambo hili kwa umbo jingine: mchana upepo huingia kutoka baharini, usiku hutoka bara, na nahodha wa ngalawa hupanga safari yake kwa zamu hiyo. Basi alfajiri uwakaribie elki kutoka chini au kwa ubavu, na jua likishapanda uwe juu yao.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimesoma hayo yote na bado niliketi juu ya uwanda mdogo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa kuwa hapo palionekana vizuri. Majike saba yalitoka msituni chini yangu, mita 150 hivi, umande ukimeta migongoni mwao. Nilifinya kichupa changu cha unga wa kupimia upepo. Unga ulisimama kidogo mbele ya uso wangu, kisha ukaanza kuteremka taratibu, ukifuata mkunjo wa ardhi kama maji yanavyofuata mfereji, moja kwa moja kwao. Jike la mbele liliinua kichwa kabla unga haujafika nusu ya njia. Tangu siku hiyo kichupa hukaa mfuko wa kifuani, nami nakifinya kabla ya kuchagua pa kukaa.

Mwinuko utanisumbua?

Uwezekano ni mkubwa, hasa ukitoka moja kwa moja usawa wa bahari. Kambi nyingi za elki ziko kati ya mita 2,700 na 3,500. Kwa aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, huko ni kati ya vibanda vya Mandara na Horombo. Fika siku mbili mapema, lala chini kidogo kuliko utakapowinda, kunywa maji mengi. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kuhema ukiwa umeketi, kukohoa kusikokoma, kuyumba au kuchanganyikiwa si kawaida, na dawa yake ni kuteremka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, kwa kuwa hakuna mwenzako atakayegundua kesho kwamba akili yako imeshaanza kukudanganya.

Nikipata ajali nikiwa peke yangu?

Acha karatasi kwa mtu mmoja anayeaminika, si salamu tu ya simu. Iandike mahali gari litakapoegeshwa na namba zake, sehemu zako nne au tano kwa mpangilio wa siku, rangi ya hema, saa utakayotuma ujumbe kila jioni, na saa ambayo ukimya ukipita apige 911 na kuomba ofisi ya sherifu wa kaunti husika. Huko waokoaji wengi ni watu wa kujitolea na hawatozi malipo ya uokoaji, ila hawawezi kumtafuta mtu katika mlima mzima.

Mtandao wa simu usiutegemee. Kifaa cha ujumbe wa setilaiti kivaliwe mwilini, kisiwekwe kwenye shanta, kwa sababu shanta hubaki juu mtu anapoteleza. Jinzi na fulana za pamba zibaki nyumbani. Pamba ikilowa hunyonya joto la mwili, na theluji ya Oktoba huanguka bila hodi. Maji ya mkondo yachemshwe: katika mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 yaache yatokote dakika tatu kamili, kwa kuwa huko hutokota kabla ya kufikia joto la kawaida.

Mwenye familia inayohofia safari hii aionyeshe karatasi ile wakiwa mezani pamoja. Mke wangu aliacha kubishana nami pale alipojua ni saa ngapi hasa ana haki ya kuanza kuogopa.

Kuna dubu?

Colorado kuna dubu weusi tu; dubu wa kahawia wa mwisho kujulikana huko aliuawa mwaka 1979. Wyoming, Montana na Idaho wapo, na huko kopo la pilipili ya kupulizia huvaliwa kiunoni. Popote ulipo, nyama na matumbo yaachwe mbali na hema.

Bunduki gani, na nivae nini?

Sheria ya Colorado inataka risasi yenye kipenyo kisichopungua milimita 6 kwa elki, wengi hutumia risasi za aina ya .270, .308 au .30-06, na yoyote kati ya hizo inatosha. Lililo muhimu zaidi ni kujua umbali ambao wewe, ukihema na mikono ikiwa baridi, unapiga sahani ya chakula kila mara. Huo ndio mpaka wako wa kupiga. Katika misimu ya bunduki lazima uvae rangi ya chungwa au waridi inayong'aa, isiyopungua sentimita za mraba 3,226 juu ya kiuno, pamoja na kofia ya rangi hiyo. Kupiga kunaruhusiwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuchwa, na katika vitalu vingi dume lazima liwe na matawi manne kwenye pembe moja au tawi la paji la uso lenye urefu wa sentimita 12.7. Usipoyahesabu matawi kwa yakini, usifyatue.

Nimempiga. Nifanye nini sasa, bila msaidizi?

Kaa chini. Tazama alikosimama na alikoelekea, weka alama, subiri angalau nusu saa, kisha fuata damu polepole. Mkaribie kutoka nyuma na umguse jicho kwa fimbo ndefu. Akipepesa, bado yu hai. Akishakufa, jaza na ukate kadi ya mzoga, ile inayotoka na leseni, kabla ya kisu.

Kumpindua mnyama wa kilo 300 peke yako ni karibu na muujiza, kwa hiyo wengi wetu hatupasui tumbo. Funga mguu wa juu kwa kamba kwenye mti, chuna ngozi ya ubavu ulio juu, toa mkono, paja, nyama ya mgongo na ya shingo, kisha mgeuze, sasa akiwa mwepesi, ufanye upande wa pili. Sarara hutolewa mwishoni, kwa kupenyeza mkono nyuma ya mbavu ya mwisho. Uthibitisho wa jinsia, yaani kiungo kinachoonyesha kama ni dume au jike, lazima ubaki umeshikamana na kipande kimoja cha nyama, na kuacha nyama inayolika porini ni kosa zito.

Harakisha paja. Nyama iliyo karibu na kiungo cha nyonga hubaki na joto kwa saa nyingi, na ndiyo huoza kwanza hata usiku wa barafu. Ukiingiza kidole pale ambapo mfupa unakutana na nyama utasikia joto kama la sufuria iliyoondolewa jikoni muda mfupi uliopita. Ifungue mpaka mfupani, uweke vipande kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, uvitundike kivulini. Giza likikukuta, ondoka na mzigo wa kwanza tu, ukiwa umeweka alama kwenye kifaa na utepe mtini, na asubuhi urudi ukipiga kelele na kuutazama mzoga kwa darubini ukiwa mbali, maana huenda dubu amekutangulia.

Kwa Muislamu, nyama hii ni halali?

Windo lina hukumu yake tangu zamani: mwindaji hutaja jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, na mnyama akifa kwa jeraha hilo huliwa, akikutwa na uhai uliotulia huchinjwa. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameikubali risasi kwa kuwa hutoboa na kumwaga damu. Shaka huingia akianguka gengeni au majini, na hapo muulize sheikh wako.

Nimesikia kuna ugonjwa katika nyama hiyo. Je, nisile?

Upo ugonjwa wa kudhoofika unaosababishwa na prioni, yaani protini iliyoharibika umbo, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967 kwa wanyama waliofugwa kituoni. Hakuna mtu anayejulikana kuupata, lakini mamlaka za afya za Marekani zinashauri nyama ya mnyama aliyethibitika kuwa nao isiliwe. Prioni haiuawi kwa kupika. Katika baadhi ya vitalu kupima ni lazima, na kwingine ni hiari: peleka kichwa kwenye kituo cha jimbo, usikate ubongo wala uti wa mgongo kwa kisu cha nyama, na kila mfuko unaoingia kwenye friza uandikwe namba ya leseni. Majirani wataanza kubisha hodi wakiuliza fungu lao kabla majibu hayajarudi; waambie wasubiri.